Maandishi ya Wavuti Yanapogoma Kuingia Kwenye Programu ya Madokezo

Yeyote anayehifadhi makala za mtandaoni katika programu ya madokezo atakuwa amekutana na hitilafu hii: dokezo limeundwa, kichwa cha habari kimo, anwani ya ukurasa imo, lakini chini yake ni patupu, au pana aya mbili za mwanzo na baada ya hapo hakuna kitu. Wakati mwingine makala yote imeingia, ila imeandamana na menyu, matangazo na safu nzima ya habari nyingine ambazo hukuziomba. Na ipo hitilafu ninayoiona mbaya kuliko hizo zote, kwa kuwa haijitangazi: maandishi yanaonekana mazima, unalifunga dokezo ukiwa umeridhika, na siku unayolihitaji unaandika neno kwenye kisanduku cha kutafuta, programu inakujibu kwamba neno hilo halimo, hali wewe unaliona kwa macho yako.

Dawa ambayo watu wengi huikimbilia ni kuondoa kiendelezi cha kivinjari, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, na kukisakinisha upya, kisha kuisakinisha upya programu yenyewe. Ni mara chache dawa hiyo husaidia, na hata ikisaidia, unabaki hujui kilichokuwa kimeharibika. Maandishi ya ukurasa hupitia mikono mitatu kabla ya kuwa dokezo: ukurasa wenyewe, chombo kinachoyabeba, yaani ubao wa kunakili (mahali kompyuta inapoweka kwa muda ulichonakili) au kiendelezi, na mwisho programu inayoyapokea. Kila mkono una namna yake ya kuyaharibu, na kazi ya kwanza ni kujua ni mkono upi uliohusika kabla ya kugusa mipangilio yoyote.

Jaribio ninalolianza nalo ni jepesi. Chagua aya moja ya ukurasa kwa kipanya, inakili, kisha ibandike kwenye kihariri cha maandishi matupu, kile kisichojua rangi wala fonti. Aya ikifika nzima, ukurasa na ubao wa kunakili havina kosa, na shaka inahamia kwa kiendelezi au kwa programu ya madokezo. Aya isipofika, au ikifika nusu, hakuna haja ya kuisumbua programu ya madokezo hata kidogo, kwa sababu haiwezi kupokea kisichotumwa. Kisha bandika aya ile ile kwenye programu ya madokezo, kwanza kwa njia ya kawaida na baadaye kama maandishi matupu, ambayo katika vivinjari na programu nyingi hufanywa kwa Ctrl, Shift na V kwa pamoja. Ikiwa njia ya pili inafanya kazi na ya kwanza inagoma, tatizo halimo katika maneno bali katika mapambo yanayosafiri nayo.

Tuanze na ukurasa, kwa sababu huko ndiko kwenye vituko vingi zaidi. Kurasa nyingi za sasa hazitumwi na seva, yaani kompyuta ya tovuti, zikiwa kamili. Seva hutuma kiunzi kitupu pamoja na msimbo wa JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, na msimbo huo ndio unaokwenda kuleta makala na kuipachika mahali pake baada ya kivinjari kuufungua ukurasa. Ili kujua kama ukurasa wako ni wa aina hiyo, bonyeza Ctrl na U kwenye kompyuta ili uone msimbo kama ulivyotoka kwenye seva, kisha utafute humo maneno matatu au manne ya katikati ya makala. Yasipopatikana, ujue makala iliingia baadaye. Jambo hili lina uzito kwa sababu zipo njia za kuhifadhi ambazo hazitumii kabisa ukurasa uliofunguliwa mbele yako: unaipa programu anwani tu, nayo inaituma seva yake ikaulete ukurasa kivyake. Seva ile isipoendesha JavaScript italeta kiunzi, na dokezo litakuwa na kichwa bila mwili.

Sababu hiyo hiyo hueleza kisa kingine ambacho huwachanganya watu, pale dokezo linapokuja na fomu ya kuingiza jina na nenosiri badala ya makala. Wewe umeingia kwenye akaunti yako, na kivinjari chako kina vidakuzi, yaani vipande vidogo vya data vya tovuti, vinavyothibitisha hivyo, lakini seva ya programu ya madokezo haina vidakuzi hivyo na kwa tovuti ile ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote. Imeonyeshwa mlango, nayo imehifadhi mlango kwa uaminifu kabisa. Suluhisho katika hali zote mbili ni moja: acha kutuma anwani, utumie kiendelezi kinachosoma ukurasa uliokwisha kufunguliwa ndani ya kivinjari, au nakili kwa mkono.

Hata ukurasa ulio wazi mbele yako unaweza kuwa haujakamilika. Tovuti nyingi huchelewesha picha, na wakati mwingine hata aya, hadi msomaji atakapoteremka kuzifikia. Katika msimbo wa ukurasa, anwani halisi ya picha huwa imewekwa kando, na mahali pake panakuwa na kivuli cha rangi moja. Ukihifadhi kabla ya kuteremka, unahifadhi vivuli. Kwa hiyo teremka polepole mpaka mwisho wa makala, ngoja kidogo, ndipo uhifadhi. Orodha ndefu zisizo na mwisho zina tabia ya kinyume inayoudhi zaidi: zinapoleta vipengele vipya chini, zinaviondoa vya juu ili kuokoa kumbukumbu ya kompyuta, hivyo hakuna wakati wowote ambapo orodha yote iko ndani ya ukurasa. Hapo hakuna kiendelezi kitakachokuokoa. Utanakili kipande kwa kipande au utatafuta kama tovuti ina kitufe cha kupakua.

Zipo pia kurasa ambazo makala yake imo ndani ya fremu, yaani ukurasa mmoja uliopachikwa ndani ya mwingine kutoka anwani tofauti. Dalili yake ni kwamba ukichagua maandishi yote kwa Ctrl na A, yale unayoyataka hayachaguliwi. Firefox hukuruhusu kubofya kulia ndani ya fremu na kuifungua katika kichupo chake, na mara nyingi baada ya hapo kila kitu huenda sawa. Tovuti nyingine hukataza kwa makusudi kuchagua maandishi, au hungoja unakili kisha kuongeza chini ya nukuu yako sentensi isemayo kwamba habari zaidi zinapatikana kwenye anwani fulani. Hii ya pili si hitilafu. Ni tovuti iliyoingilia kitendo cha kunakili, na maneno hayo utayafuta mwenyewe.

Kwa mengi ya haya, mwonekano wa kusomea uliomo ndani ya vivinjari, ule unaoacha makala peke yake bila menyu wala matangazo, ndio ninaouamini kuliko kiendelezi chochote. Wazo lake lilienea kutokana na Readability, zana iliyotolewa na kampuni ya Arc90 mwaka 2009; Apple iliweka Reader ndani ya Safari mwaka 2010, na Firefox hutumia msimbo uliotokana na Readability ile ile. Viendelezi kadhaa vya madokezo navyo vinautegemea, kwa hiyo kuelewa unavyofanya kazi ni kuelewa kwa nini wakati mwingine vyote hukosea mahali pamoja.

Msimbo huo hausomi makala kama binadamu asomavyo. Unahesabu. Aya yenye herufi pungufu ya 25 haipewi alama yoyote. Aya ndefu kuliko hapo hupata alama moja ya kuanzia, kisha huongezewa alama kwa mikato iliyomo na kwa kila herufi 100, bila kuzidi alama 3 kwa hicho kigezo cha urefu. Alama hizo hupandishwa kwa kisanduku kinachoibeba aya, na kisanduku chenye alama nyingi ndicho kinachochukuliwa kuwa makala. Sehemu iliyojaa viungo hupunguziwa, na zile ambazo majina yake ndani ya msimbo yanafanana na ya safu za pembeni au maoni ya wasomaji huweza kutupwa moja kwa moja. Hesabu hii hufaulu sana kwa habari za kawaida za aya ndefu. Lakini fikiria shairi lenye mistari mifupi, maelekezo ya hatua moja moja, mahojiano yenye majibu ya neno moja, au ukurasa wa maswali na majibu ambao muundaji wake ameyaita majibu yote kwa jina linalofanana na la maoni. Makala hizo huingia kwenye dokezo zikiwa zimekatwa vipande, na kosa si la programu ya madokezo. Kiendelezi kikikupa nafasi ya kuchagua kati ya makala iliyorahisishwa, ukurasa mzima na sehemu uliyoichagua kwa kipanya, chagua sehemu. Kuchagua kwa mkono huondoa ubashiri wote.

Mkono wa pili ni ubao wa kunakili, nao ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Unaponakili aya, kivinjari hakiweki kitu kimoja, bali huweka nakala kadhaa za kitu kile kile: moja ya maandishi matupu, nyingine ya HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, yenye viungo, fonti, rangi na ukubwa wa herufi. Programu inayobandika ndiyo inayoamua itwae ipi. Ndiyo maana aya ile ile huonekana safi katika kihariri kitupu na kuonekana kijivu, yenye herufi ndogo ajabu, katika programu ya madokezo. Ukitumia mandhari meusi kwenye programu na ukabandika kutoka ukurasa mweupe, unaweza kupata herufi nyeusi juu ya weusi, na ukadhani dokezo ni tupu. Kabla ya kulifuta dokezo linaloonekana tupu, chagua yote ndani yake. Kama maandishi yapo, yatajionyesha.

Kwenye Windows, nakala ile ya HTML hutanguliwa na kichwa kidogo kinachoonyesha kwa namba mahali kipande kinapoanzia na kinapoishia, na namba hizo huhesabu baiti, yaani vipande vidogo vya data ambavyo kompyuta huhifadhi, si herufi. Tofauti hiyo haionekani katika sentensi yenye herufi za kawaida peke yake, kwa kuwa katika UTF-8, usimbaji (namna ya kugeuza herufi kuwa baiti) unaotumiwa sana, herufi hizo huchukua baiti moja kila moja. Lakini alama ya ritifaa iliyopinda, ambayo tovuti nyingi huiweka badala ya ile iliyonyooka, huchukua baiti 3. Andika ng’ombe kwa ritifaa iliyopinda na neno la herufi na alama 7 linakuwa la baiti 9. Programu iliyotengenezwa kizembe, inayosoma namba za baiti kana kwamba ni za herufi, itakosea mahali pa kuanza na pa kukoma, na kila alama ya namna hiyo inavyoongezeka ndivyo kosa linavyokua. Ukiona mwanzo au mwisho wa kipande ulichobandika umekatwa au umebeba mabaki ya msimbo, na ukibandika kama maandishi matupu hali inatoweka, hapo ndipo pa kushuku.

Ritifaa hiyo hiyo hutuletea ugonjwa mwingine. Ukurasa uliosimbwa kwa UTF-8 ukisomwa na chombo kinachodhani umesimbwa kwa Windows-1252, usimbaji wa zamani, zile baiti 3 hugeuka kuwa herufi 3, na ng’ombe hujitokeza kama ngâ€™ombe. Ukiona â€™ imetapakaa katika dokezo, huna haja ya kurekebisha neno kwa neno. Hifadhi upya kutoka kwenye ukurasa kwa njia nyingine, au tumia amri ya kutafuta na kubadilisha, kwa kuwa kosa hili hufuata kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa turudi kwenye neno linaloonekana lakini halipatikani. Msomaji wa Kiswahili hukutana na hili mapema, kwa sababu anaandika ng'ombe kwenye kisanduku cha kutafuta kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi, hali dokezo lina iliyopinda. Kwa programu isiyosawazisha alama hizo, hayo ni maneno mawili tofauti. Zaidi ya hapo kuna herufi zisizoonekana. Waundaji wa tovuti huweka kiungio laini, U+00AD katika Unicode (orodha inayoipa kila herufi namba yake), ndani ya maneno marefu ili kivinjari kijue mahali pa kuyakata mwisho wa mstari. Maneno yetu yenye viambishi vingi, kama wanaotutengenezea, huyavutia sana. Kiungio hicho hakionekani mpaka neno linapokatwa, lakini kimo, nacho hunakiliwa pamoja na neno. Nafasi isiyokatika, U+00A0, hufanana kabisa na nafasi ya kawaida, hata hivyo kutafuta maneno mawili yaliyotenganishwa nayo kunaweza kushindwa. Nafasi isiyo na upana, U+200B, nayo iko katika kundi hilo.

Jaribio lake ni hili: nakili neno kutoka ndani ya dokezo lenyewe na ulibandike kwenye kisanduku cha kutafuta. Likipatikana kwa kubandikwa na lisipatikane kwa kuandikwa, kuna kitu kisichoonekana ndani yake. Kihariri kama Visual Studio Code huzungushia alama herufi nyingi za namna hiyo, na humo unaweza kuzitafuta kwa namba zake za Unicode: futa U+00AD na U+200B, badilisha U+00A0 iwe nafasi ya kawaida, kisha rudisha maandishi kwenye dokezo. Kwa makala ambayo nitaitegemea miaka ijayo, mimi huipitisha kwenye usafishaji huu hata kama sijaona dalili yoyote.

Viendelezi vina matatizo yao madogo madogo, ambayo hayahitaji maelezo marefu. Kiendelezi kilichosakinishwa au kusasishwa sasa hivi mara nyingi hakifanyi kazi katika vichupo vilivyokuwa wazi tangu mwanzo mpaka uvipakie upya. Katika dirisha la faragha hakifanyi kazi bila ruhusa ya pekee, na kurasa za ndani za kivinjari chenyewe, pamoja na duka la viendelezi la Chrome, zimefungwa kwa viendelezi vyote. Vingine havitumi chochote kwenye intaneti bali huzungumza na programu iliyo kwenye kompyuta hiyo hiyo. Kile cha Joplin, kwa mfano, hutumia mlango namba 41184 wa kompyuta yenyewe, yaani njia ambayo programu huzungumzia na nyingine, hivyo Joplin lazima iwe wazi, huduma yake ya kupokea iwe imewashwa katika mipangilio, na programu ya ulinzi isiwe imeuziba mlango huo.

Mkono wa tatu ni programu yenyewe, na hapa inafaa kujua dokezo huhifadhiwa katika lugha gani. Evernote huhifadhi kwa ENML, aina ya HTML iliyopunguzwa ambayo haikubali msimbo wa JavaScript, fremu wala fomu, kwa hiyo sehemu za ukurasa zilizojengwa kwa vitu hivyo lazima ziachwe njiani. Programu nyingine, kama Obsidian na Joplin, hutumia Markdown, mtindo uliobuniwa na John Gruber mwaka 2004 kwa ajili ya maandishi mepesi. Majedwali hayakuwemo katika Markdown ya mwanzo. Yaliongezwa na wengine baadaye, na majedwali hayo hayana namna ya kuunganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Jedwali la takwimu lenye vichwa vilivyounganishwa litaingia likiwa limeteleza safu, na tarakimu zitasimama chini ya kichwa kisicho chake. Hii ni hatari kuliko jedwali lililokosekana kabisa, kwa sababu linasomeka. Majedwali ya namna hiyo nayahifadhi kama picha au kama faili ya majedwali, na kwenye dokezo naweka kiungo tu.

Picha nazo zina hila. Dokezo la Markdown linaweza kuonyesha picha ambayo haimo ndani yake; lina anwani tu, na kila unapolifungua, programu inakwenda kuichukua picha kwenye tovuti ya asili. Zima intaneti, fungua dokezo upya, na utajua kipi ni chako na kipi ni cha kuazima. Jaribio hili halina uhakika kamili, kwa kuwa programu inaweza kuwa imeweka nakala ya muda kwenye kache, lakini picha ikikosekana hapo, huna shaka tena. Hoja si ya kinadharia: uchunguzi wa Pew Research Center uliotolewa mwaka 2024 ulikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 zilikuwa hazifikiki tena muongo mmoja baadaye. Kwa hiyo ukurasa wenye picha muhimu naupa nakala ya pili nje ya dokezo, ama PDF, ama faili moja ya HTML inayotengenezwa na kiendelezi kama SingleFile, na kama ni ukurasa wa wazi kwa umma, naiomba Wayback Machine ya Internet Archive, hazina ya nakala za kurasa za wavuti, iuhifadhi pia, kisha anwani ya nakala hiyo naiandika chini ya dokezo pamoja na tarehe.

Kama baada ya yote haya ukurasa mmoja bado unagoma wakati kurasa nyingine zinaingia vizuri, waandikie watengenezaji wa kiendelezi. Taarifa inayosema kwamba kiendelezi hakifanyi kazi haiwasaidii. Wape anwani kamili ya ukurasa, toleo la kivinjari na la kiendelezi, ueleze kama maandishi yanafika kwenye kihariri kitupu, kama yanaonekana katika mwonekano wa kusomea, na kama yamo kwenye msimbo unaoletwa na Ctrl na U. Kwa majibu hayo matatu, mtengenezaji atajua aanze kutafuta upande gani kabla hata hajaufungua ukurasa wenyewe.